Kabla ya kumwita legelege
Ndugu wawili wanashindana kukunja vyuma kwa mikono. Mkubwa amekunja kipande cha milimita 7, mdogo ameshindwa cha milimita 8, na tayari nyumbani anaitwa legelege. Mzazi, usiharakishe kuhukumu. Kwa chuma cha aina moja na urefu sawa, milimita hiyo moja huongeza ugumu kwa karibu nusu. Kipande kifupi nacho hukunjika kwa taabu kuliko kirefu. Kata vipande viwili kutoka nondo moja, urefu ule ule. Wavifunge kitambaa kile kile kulinda viganja, wapewe muda sawa. Kisha pima pengo kati ya ncha. Kipimo kikiwa kimoja, atakayeshindwa hatakuwa na kinyongo. Aliyeonewa kwao hasahau.