Dawa za Ukoo Mmoja Hazioani

BARAZA LA MJAMBERE
Na Mwanaisha Bakari

Mtu akirudi Mjambere, hapa kwetu Kisauni, kutoka hospitali na mshono, wa kwanza kuja kumpa pole huja na uji, wa pili huja na dawa. "Hii ndiyo iliyonifaa mimi," husema, akitoa mkobani bahasha ya vidonge vilivyosalia tangu alipopasuliwa yeye. Moyoni hana ubaya. Ubaya uko kwenye bahasha, kwa kuwa haina jina la dawa.

Maumivu baada ya upasuaji hutulizwa, na mara nyingi huhitaji dawa zaidi ya moja. Kinachotudhuru si kuchanganya dawa. Ni kuchanganya dawa tusizozijua.

Wengi wameshika kwamba dawa mbili za maumivu hazimezwi pamoja. Si kweli. Mama aliyejifungua kwa upasuaji akiandikiwa parasetamoli na diklofenaki, daktari hakukosea. Kila moja ina njia yake ya kutuliza, na zikienda pamoja nafuu huwa kubwa, hata haja ya dawa kali kama tramadoli na mofini hupungua. Anayeacha moja kwa hofu hujitesa bure: hawezi kukohoa, hainuki kitandani, na kumweka mtoto titini humshinda.

Hatari iko penginepo. Pwani twaoana binamu, na msemo twaujua: binamu nyama ya hamu. Dawa hazina mila hiyo. Diklofenaki, ibuprofeni, ambayo wengi huiita Brufen, na aspirini ni ukoo mmoja. Ukimeza mbili kati ya hizo huongezi nafuu ya maana. Waongeza vidonda vya tumbo, kutokwa na damu na kuumia kwa figo. Aliyedungwa diklofenaki zahanati asubuhi, kisha akanunua Brufen jioni kwa sababu mshono bado wauma, amewaoza ndugu wawili. Anayetumia dawa za presha ana sababu zaidi ya kumuuliza daktari kwanza, maana baadhi ya dawa hizo zikikutana na ukoo huu, figo ndizo zinazolipa.

Parasetamoli nayo hujificha. Panadol ni parasetamoli, na dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake. Mtu mzima asipite gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na aliyekonda sana au mwenye ugonjwa wa ini asifike hapo. Akizidisha, siku ya kwanza huenda asihisi kitu. Macho yanapogeuka manjano, ini limekwisha kuumia.

Tramadoli, kodeini na mofini hufanya kazi nzuri zikitolewa kwa kipimo, lakini hupunguza kasi ya kupumua. Kwa hiyo hazikai na mnazi, bia, Valium wala dawa za usingizi. Tramadoli yaweza pia kuleta degedege kwa mwenye kifafa. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya mama wanaonyonyesha wasitumie kodeini wala tramadoli, kwa kuwa miili ya baadhi ya watu huzigeuza kuwa kali haraka mno, na mtoto hupokea ukali huo kwenye maziwa.

Sisi wa Kisauni tuna jambo jingine, nalo hatulisemi kwa sauti. Tuna kliniki ya methadoni, na wako ndugu zetu wanaokunywa dozi yao kila siku ili wasirudie heroini. Mmoja wao akipasuliwa, aibu humfunga mdomo. Methadoni yake haitoshi kutuliza maumivu ya kisu, na akiongezewa dawa kali na mtu asiyejua, pumzi yaweza kukatika usingizini. Aseme kabla ya upasuaji, na hospitali iwasiliane na kliniki yake. Dozi yake ya kila siku isikatwe kiholela, naye asinyimwe dawa ya maumivu kwa kudhaniwa anatafuta ulevi.

Kisha huja Ramadhani. Wapo wanaotoka hospitali wakafunga, wakabana dozi za kutwa nzima kati ya futari na daku. Parasetamoli yataka angalau saa 4 kati ya dozi na dozi, na figo zilizoshinda bila maji hazitaki diklofenaki. Mgonjwa amepewa ruhusa ya kula na dini yake mwenyewe, asijibebeshe asichobebeshwa.

Nazitaka hospitali zetu, kubwa na ndogo, ziandike mambo matatu kwenye kila bahasha: jina la dawa, saa za kuimeza na siku ya kuacha. Kazi hiyo yahitaji kalamu tu. Maduka ya dawa, ambayo husajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu, yaulize kabla ya kuuza: umepewa nini hospitali? Na tramadoli isitoke bila cheti cha daktari, hata mnunuzi akiwa jirani.

Serikali nayo ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 mwezi Septemba 2023. Wanapita nyumba kwa nyumba kupima presha na sukari. Wapewe kazi hii pia: wafikapo kwa mgonjwa wa mshono, waombe dawa zote zitolewe, na zile za jirani, wazipange kwa ukoo. Wawafunze wenyeji dalili za kukimbilia hospitali: choo cheusi kama lami, kutapika damu, mkojo kupungua, macho ya manjano, usingizi usioamshika, pumzi za mbali mbali. Kaunti ikitaka pa kuanzia, ianzie Mjambere.