Binti ni munganga tayari, na anataka kusoma tena



Siku ya nne iliyopita, kisha kuhesabu pesa za likelemba, mama mmoja aliomba neno. Binti yake wa kwanza alimaliza masomo ya uganga huko Lubumbashi. Ilikuwa miaka saba ya jasho. Mama aliuza makala, akauza mihogo, mwisho akauza na kile kiwanja alichoachiwa na marehemu baba yake. Leo binti anafanya kazi kwenye kituo kidogo cha afya, na kila mwezi anatuma kitu nyumbani kwa ajili ya wadogo zake.

Sasa binti amesema anataka kurudi masomoni miaka mingine mitano. Anataka kujifunza kupasua figo, kibofu na njia zote za mkojo, na kuchunguza kansa za sehemu hizo. Baba zake wadogo wamekasirika. Wanasema: "Ameisha kuwa munganga, anatafuta nini tena? Atazeekea shuleni. Na mwanamke gani anashika mambo ya wanaume?" Mama akatuangalia na kuuliza: "Nimwambie nini?"

Hatukumjibu siku ile. Sisi ni walimu, hatuko wanganga. Tuliomba juma moja tusome na kuuliza wenye kujua. Haya ndiyo tuliyopata, na tunayaandika hapa kwa sababu swali hili litafika kwenye nyumba nyingi za Nzilo na Kolwezi.

Jambo la kwanza: ile miaka saba inamfundisha munganga magonjwa yote kidogo kidogo. Anajua kutibu malaria, kuzalisha, kushona kidonda. Lakini njia za mkojo ni kazi nyingine. Ndani ya mwili wa mama, mrija unaoleta mkojo kutoka kwenye figo unapita chini ya mshipa wa damu wa mfuko wa uzazi, kama maji yanavyopita chini ya daraja. Munganga anapopasua mahali pale kwa haraka, kukiwa na damu nyingi, anaweza kuukata mrija ule ao kuufunga bila kuona. Kuujua kwenye kitabu ni rahisi. Kuutambua kwa vidole, usiku, mgonjwa akiwa anapoteza damu, kunaomba kusimama miaka kando ya mtu anayejua.

Hapa kwetu Kongo tunao mfano ambao kila mtu anaufahamu. Munganga Denis Mukwege alizaliwa Bukavu mwaka wa 1955, akapata diplome ya uganga huko Burundi mwaka wa 1983. Alianza kazi katika hospitali ya Lemera, kule milimani Kivu ya Kusini. Pale aliona wamama wakifika wamechoka, wakifa kwa kuzaa, wengine wakibaki na fistula, yaani tundu kati ya kibofu na njia ya uzazi, mkojo ukitoka bila kukoma usiku na mchana. Yeye pia alikuwa munganga tayari. Angeweza kusema inatosha. Lakini alikwenda Angers, Ufaransa, kujifunza magonjwa ya wamama na kuzalisha, akarudi Lemera mwaka wa 1989. Hospitali ile ilishambuliwa kwa vita mwaka wa 1996, wagonjwa na wafanyakazi wakauawa. Mwaka wa 1999 alianzisha hospitali ya Panzi, Bukavu. Mwaka wa 2015, akiwa na miaka 60, alitetea kazi yake ya udokta katika chuo kikuu cha Bruxelles juu ya namna ya kupanga na kutibu fistula hizo. Tuzo ya Nobel ya Amani aliipata mwaka wa 2018, na dunia nzima ikapiga makofi. Sisi tunapenda kuwakumbusha wale baba wadogo ule mwaka wa 2015: mtu wa miaka 60, anayejulikana kila mahali, bado anakaa mbele ya walimu kujibu maswali.

Tena, si lazima mtu aende Ulaya. Karibu na sisi kuna chuo cha wapasuaji cha Afrika ya Mashariki, ya Kati na ya Kusini, kilichoanzishwa mwaka wa 1999. Majirani zetu wa Zambia ni wanachama. Chuo kile hakina majengo makubwa ya kalasi: munganga anajifunza ndani ya hospitali, kando ya wakubwa wake. Anatumia miaka miwili kwa upasuaji wa jumla, kisha mitatu kwa fani yake, na njia za mkojo ni moja ya fani zile. Huko Moshi, Tanzania, hospitali ya KCMC nayo inafundisha wapasuaji wa njia za mkojo tangu zamani. Muda wote huo munganga hakai bure. Anatibu, anapasua chini ya macho ya mwalimu, anaamka usiku. Kwa hiyo neno "shule" linawadanganya wale baba wadogo. Ni kazi tayari, lakini kazi yenye mwalimu.

Na ule utafiti wa kansa, unasaidia nini? Tutoe mifano miwili.

Wa kwanza uko mlangoni petu. Watoto wetu wanaoga ziwani, sisi wenyewe tunafua nguo tukiwa na miguu ndani ya maji. Kuna ugonjwa unaoshikwa kwenye maji namna ile: bilarzia, wengine wanaita kichocho. Aina yake moja inakaa kwenye kibofu na kuleta damu katika mkojo. Kwa muda mrefu watu waliiona kuwa taabu ndogo ya watoto. Watafiti ndio walioonyesha kwamba ikiachwa miaka na miaka, kibofu kinaumia mpaka kinaweza kuingia kansa. Mwaka wa 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa kansa liliuweka mdudu ule kwenye orodha ya vitu vinavyoleta kansa kwa hakika. Lakini dawa yake, prazikwanteli, ni vidonge tu. Kama isingekuwa utafiti, ni nani angejua kwamba kidonge anachomeza mtoto wa miaka kumi kinamkinga na kansa ya miaka hamsini?

Wa pili ni Charles Huggins, mpasuaji wa njia za mkojo huko Chicago. Wanaume wazee walimjia na kansa ya prostati, kile kitezi cha mwanaume kilicho chini ya kibofu, kansa imeisha kufika kwenye mifupa. Huggins hakupasua tu. Alichunguza, na mwaka wa 1941 alionyesha kwamba homoni za kiume ndizo zinazolisha kansa ile, na kwamba zikipunguzwa mgonjwa anapata nafuu. Mpaka leo wanaume duniani wanatibiwa kwa njia iliyotoka kwenye wazo lile. Alipewa Nobel mwaka wa 1966, miaka 25 kisha kazi yenyewe.

Tulipoyasoma haya mbele ya kikundi, mama mmoja mkubwa, ambaye kwa kawaida hasemi, aliinua mkono. Alituruhusu kuandika maneno yake bila jina. Zamani, kisha kuzaa kwa shida, alibaki akivuja mkojo. Bwana yake alihama chumba, kisha akahama nyumba. Kanisani alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango. "Nilipasuliwa mara mbili na watu waliojaribu," alisema. "Mara ya tatu nilipasuliwa na mtu aliyejifunza. Niliamka, kitanda kikavu. Nilidhani ni ndoto, nikagusa shuka tena na tena." Kisha akamgeukia mama yule wa binti: "Mwache asome. Mimi nilimngojea mtu kama yeye miaka kumi na moja."

Wenye kujua wanasema hivyo pia: fistula inayopasuliwa vizuri mara ya kwanza ndiyo yenye nafasi kubwa ya kupona. Kila mara mtu anapojaribu na kushindwa, nyama inakuwa ngumu na kazi inazidi.

Hata hivyo hatutaki kumdanganya mama. Wasiwasi wake ni wa kweli. Miaka mitano bila msaada wa binti ni mirefu, na wadogo zake wanne wako shuleni. Tena tunajua watoto waliokwenda na hawakurudi. Kwa hiyo tulimpa mashauri haya.

Azungumze na binti kwa karatasi na kalamu. Masomo yatafanyika wapi? Je, atalipwa kidogo kwa kazi ya hospitali? Ni nani anayelipa ada? Hospitali ao kampuni inayosaidia itaomba afanye kazi kwake miaka mingapi? Aandike yote, na baba wadogo wawepo siku hiyo.

Binti aseme wazi ni kitu gani ataendelea kutuma, hata kikiwa kidogo, na lini atarudi kutumikia watu wa Lualaba.

Na ndoa? Tuseme ukweli: mwanaume anayekimbia kwa sababu ya diplome alikuwa njiani tayari. Wanawake wengi wanasoma wakiwa na nyumba zao. Tena wale wanaosema mwanamke hawezi kushika mambo ya wanaume, tuwaulize: figo na kibofu ni vya wanaume tu? Na mama yule aliyekaa karibu na mlango, angependa kumweleza nani aibu yake?

Jana mama alitutumia habari. Mazungumzo yamepangwa kwa jumapili kisha misa. Baba mdogo mmoja amekubali kufika, mwingine bado anakataa. Tutawaambia.

Wakati tunangojea, kila nyumba ifanye kazi yake. Mtoto akikojoa damu, tusiseme "anakuwa mkubwa". Tumpeleke kituo cha afya. Baba akiamka mara nyingi usiku, akisimama muda mrefu bila mkojo kutoka, ao akiona damu, tusimwache ajifiche. Na mama anayevuja asikae peke yake. Aje kwetu siku ya nne, nafasi ya mbele iko.

Tuonane juma lijalo.