Watafutieni Majina Yao

Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu, Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Nairobi

KUH: WATU WALIOCHORWA NA JOY ADAMSON

Kwako Mkurugenzi Mkuu,

Nakuandikia kuhusu picha mnazozitunza Nairobi, ingawa lililonisukuma kuandika nililikuta Naivasha, katika nyumba ya Elsamere alimoishi Joy Adamson.

Nyumba hiyo iko upande wa kusini wa ziwa. Anayefika pale haulizi kwa nini mchoraji alipapenda. Kuna migunga mirefu yenye magome ya manjano, mbega wakiruka tawi hadi tawi, na furukombe wakiitana juu ya maji. Usiku viboko hutoka ziwani kuja kula nyasi za uani. Sehemu ya nyumba imekuwa makumbusho madogo, na alasiri wageni hukaribishwa chai na keki na kuonyeshwa filamu ya maisha ya mwenye nyumba.

Wengi wetu huenda pale kwa ajili ya Elsa, yule simba jike aliyejulikana duniani kote kupitia kitabu cha Born Free cha mwaka 1960 na filamu yake ya 1966. Lakini Elsa aliingia katika maisha ya Joy mwaka 1956, na kufikia hapo Joy alikuwa na karibu miaka ishirini nchini, mingi kati ya hiyo akiwa ameshika brashi. Alifika Kenya mwaka 1937 akaanza na maua na mimea ya porini, na mwaka 1947 kazi hiyo ikampatia medali ya dhahabu kutoka Royal Horticultural Society ya Uingereza. Baadaye serikali ya kikoloni ikampa kazi ya kuchora watu wa jamii mbalimbali za Kenya wakiwa katika mavazi na mapambo yao, kwa kuhofia kwamba mambo hayo yalikuwa yanatoweka. Akazunguka nchi na kuchora picha kwa mamia. Nyingi zimo katika hazina yenu, na mwaka 1967 alitoa kitabu chake, The Peoples of Kenya.

Mkurugenzi, hapo ndipo penye shida yangu. Elsa ana jina, ana filamu, na kaburi lake lipo katika Hifadhi ya Taifa ya Meru, linatembelewa na watu. Mzee aliyeketi bila kutikisika mpaka mchoraji akamaliza kila ushanga wa shingoni mwake, mara nyingi ameachiwa jina la kabila na la cheo tu: mzee wa jamii fulani, bibi harusi wa jamii fulani, mganga wa jamii fulani. Tunajua alivaa nini. Yeye ni nani, hatuambiwi.

Simlaumu mchoraji peke yake. Aliyemtuma alitaka mifano ya makabila, hakutaka wasifu wa watu. Na Oktoba 1952 serikali hiyohiyo, iliyotaka mapambo ya wazee yahifadhiwe, ilitangaza hali ya hatari na kuwatia maelfu ya Wakenya kizuizini. Huenda kuna jamaa waliochorwa huku watoto wao wakisakwa. Mambo hayo yote yako ndani ya picha hizi, nayo ni ya kusimuliwa pamoja na sifa za rangi zake.

Naomba mambo matatu.

Kwanza, watafuteni wenye sura hizo. Picha za rangi ya maji zilizo kwenye karatasi huharibiwa na mwanga, kwa hiyo sidai zile halisi zibebwe kwenye magari. Chapeni nakala kubwa, mzipeleke katika makumbusho yenu ya Lamu, Meru, Kitale, Kapenguria na kwingineko, na kutoka hapo mashinani, kwenye mabaraza ya machifu, makanisani, misikitini na sokoni. Waulizeni wazee kwa lugha zao: huyu ni nani? Ni wa mlango gani? Vazi hili lilivaliwa siku gani, na nani alilitengeneza? Yeyote atakayejibu aandikwe naye jina lake.

Pili, familia zikipatikana, zipewe nakala bila malipo. Tena ziulizwe kabla sura ya babu au nyanya yao haijachapishwa kwenye kadi au kalenda ya kuuza. Haki ya kunakili inaweza kuwa ya mwingine kisheria, lakini heshima ya kuulizwa ni yao.

Tatu, kaeni na walezi wa Elsamere ili matunda ya kazi hiyo yafike Naivasha. Mgeni anayekunywa chai chini ya migunga ile akutane na watu waliochorwa kwa majina yao na kwa sauti za wajukuu wao, kama anavyokutana na Elsa. Watoto wa shule wanaopelekwa pale kujifunza kuhusu wanyama na mazingira wapate pia kujifunza kuhusu jamaa zao.

Kazi hii haina muda wa kusubiri bajeti nono. Aliyechorwa mwaka 1950 akiwa na miaka ishirini, leo, kama yu hai, ana zaidi ya tisini. Watoto wake wenyewe ni wazee. Miaka kumi ijayo nakala zitachapwa kwa urahisi uleule, ila wa kuulizwa hawatakuwepo.

Anzeni na kaunti moja na picha kumi mwaka huu. Majina yatakayopatikana yaandikwe chini ya picha zilizoko Nairobi kabla ya mwaka kwisha, nasi tulio nje tutajua kwamba kazi imeanza.

Wako mwaminifu,

Mwalimu wa shule ya upili, Kaunti ya Nakuru