TAZARA yapata mwendeshaji mpya: Treni ya abiria itabaki?

Swali linalojirudia kwenye simu za kipindi chetu ni hili: Wachina wakichukua reli, treni yetu ya kawaida itaendelea kusimama stesheni ndogo? Leo tunaeleza tunachokiona.

Nini kimebadilika

Reli ya TAZARA ina urefu wa kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi nchini Zambia. Ilijengwa kwa mkopo usio na riba kutoka China na kukabidhiwa mwaka 1976. Serikali za Tanzania na Zambia zinaimiliki nusu kwa nusu.

Septemba 2024, huko Beijing, marais wa nchi hizo tatu walishuhudia kutiwa saini kwa hati ya makubaliano ya kuifufua. Mwaka 2025 ukafuata mkataba wa miaka 30 na kampuni ya ujenzi ya China, CCECC, wenye thamani ya Dola za Marekani bilioni 1.4. Miaka 3 ya mwanzo ni ya ukarabati, 27 inayobaki ni ya uendeshaji. Zitaletwa injini zaidi ya 30 na mabehewa ya mizigo zaidi ya 700.

Reli haijauzwa. Ni sawa na mtu kumkodisha mwenzake shamba: hati inabaki kwa mwenye shamba, lakini anayelima na kuvuna ni mwingine, na anataka fedha zake zirudi.

Fedha zitarudi kwa njia gani

Zitarudi kwa mizigo, hasa shaba ya Zambia na Kongo. Mwaka 2014/15 TAZARA ilibeba chini ya tani 100,000, wakati ilijengwa kubeba mamilioni. Shaba hiyo sasa inagombewa pia na njia ya reli ya Lobito, Angola, inayoungwa mkono na Marekani. Mwendeshaji mpya atakuwa mbioni kuwahi mzigo huo.

Hapo ndipo abiria wa kijijini anapaswa kuwa macho. TAZARA ni njia moja, na treni mbili hupishana stesheni tu. Treni za shaba zikiongezeka, lazima mmoja amsubiri mwenzake, na behewa la shaba linaingiza fedha nyingi kuliko behewa la daraja la tatu lililojaa akina mama na magunia ya mchele. Bila sharti la maandishi, atakayesubiri anajulikana.

Kwa msafiri wa Dar es Salaam kwenda Mbeya, basi lipo. Lakini kati ya Ifakara, Mngeta, Mlimba na kupanda hadi Makambako, treni ndiyo soko, ndiyo gari la mgonjwa, na masika ndiyo njia ya uhakika. Mchele na ndizi hupanda kwenda nyanda za juu, viazi na maharage hushuka. Mchuuzi mwenye magunia mawili hakodi lori.

Tumewahi kupita njia hii

Mwaka 2007 Reli ya Kati ilikabidhiwa kampuni ya RITES ya India, iliyochukua asilimia 51 ya hisa za TRL kwa mkataba wa miaka 25. Wafanyakazi waligoma wakidai mishahara, injini zikawa haba, na mwaka 2011 Serikali ilizinunua tena hisa hizo. Kenya na Uganda ziliikabidhi reli yao kwa Rift Valley Railways mwaka 2006, pia kwa miaka 25. Kufikia mwaka 2017, hata nusu ya muda huo haijafika, mkataba ulikuwa umevunjika.

Safari hii kuna tofauti. CCECC imetokana na idara ya reli ya China iliyojenga TAZARA yenyewe, na inakuja na mtaji wake. Hiyo ni sababu ya kuwa na matumaini. Hata hivyo, njia nzuri peke yake haiweki ratiba ya abiria. Ratiba inawekwa na sharti, na sharti linahitaji msimamizi anayelifuatilia.

Ya kuuliza sasa

Diwani au mbunge akiitisha mkutano, tunashauri muulize mambo manne. Treni za abiria ni ngapi kwa wiki, na zimeandikwa wapi? Stesheni zipi zitaendelea kusimamiwa? Nauli ikipanda, nani anaidhinisha? Na wakati wa ukarabati, treni ikisimamishwa, abiria wa bonde la Kilombero watasafiri kwa nini?

Usafiri wa ardhini, reli ikiwemo, unasimamiwa na LATRA, na lipo baraza la kutetea watumiaji wa huduma hizo, LATRA CCC. LATRA ikiitisha maoni kuhusu nauli, mwananchi yeyote anaweza kutoa yake. Miaka 30 ni mingi: mtoto anayezaliwa leo Mlimba atakuwa na watoto wake kabla mkataba haujaisha. Maswali haya yaulizwe sasa, kabla njia haijajaa shaba.