Anwani ya Kuazima Ina Mwenyewe

Miongoni mwa maarifa ambayo vijana wetu hujipatia nje ya darasa, bila mwalimu na bila kitabu, ni namna ya kujificha katika intaneti. Hivi leo zipo programu za kivinjari zinazomwezesha mtu mmoja, mwenye kompyuta moja, kuonekana kana kwamba ni watu kumi au mia. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi programu hizo zifanyavyo kazi, na kutoa hoja kwamba somo hili halina budi kuingia darasani. Na likiingia, swali la kwanza lisiwe "nitajifichaje?" bali "anwani hii ninayoiazima ni ya nani?"

Tuanze na misingi. Kila chombo kinachowasiliana katika intaneti hutumia anwani ya namba. Katika mpangilio uliochapishwa mwaka 1981, ambao ungali unatumika, anwani hiyo ina biti 32; kwa hiyo jumla ya anwani zote haiwezi kuzidi 4,294,967,296. Anwani hizo hugawiwa makampuni ya simu na mashirika mengine, na daftari la mgao huo li wazi. Ndiyo maana tovuti yaweza kukisia kwamba mgeni wake yuko Tanzania au Ujerumani.

Lakini anwani siyo alama pekee. Kivinjari kinapofungua ukurasa hutoa habari nyingi: ukubwa wa kioo, aina za herufi zilizomo katika kompyuta, lugha, majira ya saa, na hata namna kompyuta ile inavyochora picha. Kila habari peke yake ni ndogo, ila zikijumlishwa huwa mithili ya alama ya kidole. Mwaka 2010 Peter Eckersley, wa shirika la Electronic Frontier Foundation la Marekani, alichapisha matokeo ya uchunguzi wa vivinjari 470,161. Asilimia 83.6 ya vivinjari hivyo vilikuwa na alama isiyofanana na ya kingine chochote katika uchunguzi ule. Mwanafunzi wa hisabati ataiona sababu mara moja: biti 33 zatosha kumtenga mtu mmoja kati ya watu 8,589,934,592, idadi inayozidi ya walimwengu wote.

Programu za kukwepa utambuzi zimejengwa juu ya elimu hiyo. Ndani ya programu moja huundwa wasifu wa watu mbalimbali wa kubuniwa, kila mmoja na vidakuzi vyake, alama yake ya bandia, na proksi yake. Proksi ni seva ya uwakala: hupokea ombi lako, hulipeleka kwa anwani yake yenyewe, kisha hukurudishia jibu. Kuiweka si kazi ngumu. Huandikwa aina yake, kama vile HTTP au SOCKS5, halafu anwani, namba ya lango, jina la mtumiaji na nywila. Ugumu uko katika kuoanisha mambo. Wasifu ukidai kuwa uko London, ilhali saa ya kivinjari ingali ya Dar es Salaam, uongo hujitokeza wenyewe. Wahenga walikwisha sema kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Matumizi ya halali yapo. Mtafiti aweza kutaka kujua kama bei ya bidhaa ileile hutofautiana kutoka nchi hadi nchi, na mtengenezaji wa tovuti hupenda kuiona kazi yake kama waionavyo wageni wa mbali. Hata hivyo, chombo hichohicho hutumika kupiga kura za uongo, kuandika sifa za kununuliwa na kufungua akaunti za ulaghai.

Sasa turudi kwenye swali letu. Anwani za proksi zinazotoka katika vituo vikubwa vya kompyuta hutambulikana upesi, kwa kuwa daftari la mgao humtaja mwenyewe. Kwa sababu hiyo wachuuzi huthamini zaidi anwani za majumbani. Baadhi ya wenye nyumba wamekubali kwa malipo; wengine hawana habari kabisa. Mnamo Mei 2024 Wizara ya Sheria ya Marekani ilitangaza kuvunjwa kwa mtandao ulioitwa 911 S5, ambao uliteka kompyuta za majumbani zilizohusishwa na anwani zaidi ya milioni 19 katika nchi zinazokaribia 200. Njia mojawapo ya kuziteka ilikuwa programu za VPN zilizotolewa bure. Wahalifu walipita humo kufanya ulaghai, na anwani iliyoonekana ikawa ya mtu asiyejua lolote. Ni sawa na barua ya matusi iliyopelekwa kwa kutumia sanduku la posta la jirani.

Mwenye kuazima naye hayuko salama. Ingawa mawasiliano ya siri ya HTTPS huficha maneno yenyewe, mwenye proksi hujua ni tovuti gani imetembelewa, na saa ngapi. Aliyekimbia kuonekana na wengi amejikabidhi kwa mmoja asiyemjua.

Wapo watakaosema kwamba kuyafundisha haya ni kuwafundisha vijana wizi. Nadhani wamekosea, kwani vijana wanayajua tayari. Wasichokijua ni gharama yake na nani huilipa. Mnamo Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania iliwataka watumiaji wa VPN watoe taarifa za matumizi yao. Agizo la namna hiyo laweza kumfanya mtu ataje chombo anachokitumia. Haliwezi kumfanya akielewe. Kazi hiyo ni ya mwalimu.

Wala haihitaji maabara. Mwalimu na achukue bahasha kumi, amteue mwanafunzi mmoja awe wakala, na barua zote za darasa zipitie kwake. Wakala aandike katika daftari jina la mpelekaji, la mpokeaji, na wakati. Hatimaye daftari lisomwe mbele ya wote. Baada ya hapo darasa lijadili Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022: daftari lile ni mali ya nani, na nani ana haki ya kulitazama? Mwanafunzi aliyekwisha kusikia siri zake zikisomwa kutoka katika daftari la wakala atafikiri mara mbili kabla ya kupakua programu ya bure.