Hewa Safi Ndiyo, Lakini Gharama Isiishie kwa Dereva wa Mchomoko

Makamanda, vijana wenzangu wa Musoma, Bunda na Butiama, leo tuongee habari ya moshi.

Wapo wanaosema leseni ya gari la kukodi ifungwe na kipimo cha moshi. Gari likichafua hewa, leseni hakuna. Kuna wenzetu wakisikia hivyo wanaruka juu: "Wanataka kutuua njaa!" Mimi sirukii huko. Nasema hewa safi ni haki yetu, na wa kwanza kuidai tuwe sisi. Ila nina swali moja: nani analipa?

Tuanze na ukweli. Moshi wa magari hauvutwi na bosi aliyefunga vioo na kuwasha kiyoyozi. Unavutwa na mama lishe anayeshinda stendi ya Bweri, na bodaboda aliye nyuma ya lori kuanzia Makutano, na mwanafunzi anayetembea kando ya barabara kuu Bunda mjini asubuhi na jioni. Kikohozi cha mtoto hakiulizi kadi ya chama. Kwa hiyo asitokee mtu kutuambia kwamba hewa ni mambo ya Wazungu.

Na madereva wetu niwaambie pia, maana mtu wako ndiye wa kumwambia ukweli. Kung'oa masega kwenye bomba la moshi na kuyauza ni kuuza mapafu ya abiria wako. Masega yamewekwa pale kupunguza sumu inayotoka kwenye injini. Ukiyauza, hela inaisha wiki hiyohiyo, moshi unabaki miaka. Injini inayokunywa oili na kutoa moshi wa bluu haihitaji maombi, inahitaji fundi. Hapo siwatetei.

Sasa turudi kwa serikali.

Sheria siyo kwamba hazipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ni ya mwaka 2004. Kanuni za viwango vya ubora wa hewa ni za mwaka 2007. NEMC ipo. LATRA ipo, imeundwa kwa sheria ya mwaka 2019 ikarithi kazi za SUMATRA za nchi kavu. Karatasi tunazo za kutosha. Mimi nimepanda mchomoko miaka mingi, Musoma–Bunda, Makutano–Butiama, na nimeona gari likisimamishwa kwa kila sababu unayoijua: bima, tairi, mtungi wa kuzimia moto, abiria kuzidi. Kifaa cha kupima moshi sijakiona barabarani hata siku moja. Moshi unapimwa kwa macho. Na kinachopimwa kwa macho kinamalizwa kwa mkono. Mnanielewa.

Ndiyo maana nasema sheria isiyo na kipimo ni mtego. Leo umeambiwa gari lako linatoa moshi, kesho gari lilelile, injini ileile, limepona kimiujiza kwa sababu umeshajua cha kufanya. Hewa imesafishwa wapi hapo?

Kuna njia ya mkato wanaipenda sana: umri wa gari. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Uganda iliweka ukomo wa miaka 15 mwaka 2018. Sisi tunatoza ushuru wa ziada kwa gari lililozidi miaka 8. Sawa, hayo ni mambo ya bandarini na mpakani, yana hoja zake. Lakini umri huohuo ukiugeuza kuwa sharti la leseni Bunda, umefuta Probox karibu zote asubuhi moja. Halafu mgonjwa anayetoka kijijini Butiama kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mwalimu Nyerere kule Kwangwa utampeleka na nini? Umri siyo moshi. Gari la miaka 18 lililotunzwa na masega yake linaweza kuwa safi kuliko la miaka 9 lililochakazwa. Pimeni moshi, acheni kuhesabu birthday.

Na mtu asinidanganye kwamba hewa haiwezi kusafishwa bila kumbana mnyonge. Mwaka 2001 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana kule Dakar kuachana na petroli yenye madini ya risasi. Kufikia mwanzoni mwa 2006 ilikuwa imeondoka. Dereva wa Musoma alipigwa faini gani? Hakuna. Walibadilisha mafuta kule yanakotoka, akaja kituoni akajaza kama kawaida, na sumu ikapungua. Vivyo hivyo mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki zilipoteremsha kiwango cha salfa kwenye dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni. Kazi ilianzia juu, faida ikafika chini. Inawezekana!

Wanapenda kutolea mfano Ulaya. Haya, twendeni London. Kuanzia Januari 2023, gari linaloombewa leseni ya kukodi kwa mara ya kwanza lazima liwe na uwezo wa kutembea bila kutoa moshi. Kali sana. Lakini mwaka huohuo, walipopanua eneo la tozo ya magari machafu kufika jiji zima, walitenga paundi milioni 160 kusaidia wananchi na wafanyabiashara wadogo kuachana na magari yao chakavu. Kwetu wakubwa wataiga ukali, mfuko watausahau. Gesi ya magari nayo imeanzia Dar es Salaam na Pwani, huko bomba liliko. Kanda ya Ziwa bomba halijafika. Utamwambiaje dereva wa Nyamuswa ahamie kwenye gesi? Aifuate Ubungo?

Kwamba serikali haiwezi kukaa na wadau wakaelewana, hilo nalo siyo kweli. LATRA ilipoweka ukomo wa kamisheni ya asilimia 15, Uber ilisimamisha huduma nchini Aprili 2022. Baadaye ukomo ukapandishwa hadi asilimia 25, na Januari 2023 kampuni ikarudi. Yaani kampuni ya nje ikinuna, meza inawekwa. Dereva wa mchomoko akinuna, anaandikiwa faini. Yeye yupo barabarani na namba yake ya njano, nusu halali nusu haramu, kila abiria anamjua na kila kizuizi kinamjua. Hivi yeye siyo mdau?

Na kama kweli ni hewa, tuanzie juu. Mashangingi ya dizeli yanayokuja kwa msafara Mwitongo kuzuru kaburi la Mwalimu, yanaachwa yakinguruma saa nzima ili bosi akirudi akute ubaridi. Mwalimu alitufundisha kwamba kiongozi haishi tofauti na anaowaongoza. Basi gari la kwanza kupimwa moshi mkoa wa Mara liwe la mkuu wa mkoa, la pili la mkurugenzi, la tatu la polisi. Matokeo yabandikwe ukutani. Baada ya hapo njooni stendi, mtatukuta.

Tunachodai ni hiki:

1. Michomoko itambuliwe na kupewa leseni kwa ada ambayo mtu wa Bunda anaimudu, badala ya kuachwa gizani iwe shamba la watu kuvuna.

2. Vipimo vya moshi viwepo Musoma, Bunda na Butiama kabla ya sharti kuanza. Kipimo kitoe karatasi yenye namba, na dereva abaki na nakala.

3. Gari likifeli, lipewe muda wa matengenezo kabla ya faini.

4. Biashara ya masega ya wizi na ya kung'oa ifuatiliwe kwa mnunuzi mkubwa, siyo kwa dereva peke yake.

5. Magari ya umma yapimwe kwanza.

Vijana, mabaraza ya madiwani yanakaa kwa mujibu wa sheria na mwananchi anaruhusiwa kuingia kusikiliza. Tuingie. Tukamatane na madiwani wetu kabla ya kikao, tuwape hoja hizi tano, tukae pale nyuma tuone nani anazisema na nani anasinzia. Madereva nao waje na umoja wao, wakiwa wamerudisha masega mahali pake, ili tukidai haki mikono yetu iwe misafi.

Hewa ni ya wote. Gharama nayo iwe ya wote.