Jicho Si Kamera, Ndugu Zangu

Kuna msemo umenichosha, na wanaoueneza ni watu wa fani yangu wenyewe: eti jicho ni kamera, ubongo ni kompyuta. Juzi ndani ya matatu ya Kitengela nilimsikia jamaa akimshauri mama aliyebeba mtoto mwenye makengeza: "Mwache akue kwanza. Lenzi ikiharibika si inabadilishwa tu?" Nilinyamaza. Leo sinyamazi, maana ushauri ule unaweza kumpotezea mtoto jicho.

Hebu tuangalie mambo yalivyo. Habari kutoka machoni husafiri hadi kisogoni, kwenye eneo la gamba la ubongo ambalo wataalamu huliita V1. Pale hakuna faili ya picha. Kuna ramani. Vitu vinavyopakana mbele yako hupakana humo pia, ila vipimo vimepindishwa. Chukua barabara ya Namanga: Kitengela, Isinya, Kajiado, Bisil, Namanga. V1 ingehifadhi mpangilio huo, lakini ukikazia macho Kitengela, mji huu ungemeza karibu nusu ya karatasi, nayo Namanga ingebanwa pembeni.

Seli nazo zina kazi zake. Mwaka 1958 huko Baltimore, Marekani, David Hubel na Torsten Wiesel walikuwa wakimwonyesha paka madoa, seli ikawa kimya kabisa. Ghafla ikaanza kupiga kelele! Si kwa ajili ya doa, bali ukingo wa slaidi ya kioo ulipita kwa mshazari ambao seli hiyo iliupenda. Walikuja kugundua kwamba seli za V1 zimepangwa kwa safu, kila safu na mshazari wake, na majirani hupenda mishazari inayokaribiana.

Sasa tuje kwenye ploti. Ndani ya V1, jicho la kushoto na la kulia yamegawana ardhi kwa vipande vyembamba vinavyopishana. Ukivichora, utadhani ni milia ya punda milia wanaolisha huku kwetu. Na sisi wa Kitengela tunajua ploti isiyotumika inavyoishia: jirani anasogeza bikoni. Hubel na Wiesel walimfumba paka mchanga jicho moja kwa miezi miwili mitatu. Walipolifungua, jicho lenyewe lilikuwa zima, lakini karibu seli zote zilikuwa zimehamia kwa jicho lingine. Kwa paka mkubwa, hakuna kilichobadilika. Kazi yao ilipata Tuzo ya Nobel mwaka 1981.

Mnaona tofauti? Kompyuta haihamishi nyaya zake eti kwa sababu kamera ilizimwa utotoni. Ubongo huhamisha. Mtoto mwenye makengeza, au mwenye jicho moja dhaifu kuliko lenzake, ubongo wake unaweza kulipuuza jicho hilo likawa jicho vivu. Tiba ni miwani, na kuziba jicho zuri kwa saa chache kila siku ili lile dhaifu lidai ploti zake. Tiba hii hufaa zaidi kabla ya miaka 7 hivi. Baadaye nafasi hupungua, ingawa wengine bado hupata nafuu. Na mtoto aliyezaliwa na mtoto wa jicho mzito, upasuaji wake huhesabiwa kwa wiki, si kwa miaka.

Langu la kushoto liligunduliwa nikiwa darasa la 7. Miwani nilipewa. Ukungu ulibaki.

Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti elimu ya chekechea na hospitali zake. Basi kwa nini mtoto wa Kajiado aanze PP1 bila kupimwa kila jicho peke yake? Msituambie vifaa ni ghali. Utafiti wa Trans Nzoia uliochapishwa 2018 ulionyesha walimu wakiwapima wanafunzi macho kwa simu ya mkononi!

Wazazi, msingoje mtoto alalamike. Jicho zuri humfichia aibu lile baya, naye hajui kama wengine wanaona tofauti. Mzibe moja, kisha lingine. Akitulia ukiziba hili na kulia ukiziba lile, kliniki leo hii.

Nanyi wanaprogramu wenzangu, mkisikia tena habari ya kamera, msinyamaze kama nilivyonyamaza mimi. Yule mama alishuka Kitengela na mwanawe, na sikumwambia neno.